Msalaba Ulikuwa Adhabu ya Nani? Ijue Maana ya Ijumaa Kuu, Kutoka Roma Hadi Olenguruone

Ukipanda matatu ya Molo kwenda Olenguruone, cheki shingo za wasee. Hukosi mmoja amevaa msalaba. Sasa fikiria huyo msee amevaa kitanzi cha kunyongea watu kama mapambo. Ungemwangalia mara mbili, ama? Basi mtu wa karne ya kwanza angemwona hivyo hivyo.

Waroma hawakubuni kusulubisha, Waajemi walikuwa nayo kabla yao. Lakini Roma ndio iliifanya iwe noma. Ilikuwa adhabu ya watumwa, waasi na watu wasio na mtetezi. Raia wa Roma kwa kawaida aliepushwa nayo. Mwaka 71 KK, uasi wa Spartacus ulipozimwa, watumwa karibu 6,000 walitundikwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma ili kila mpita njia aone. Unavuliwa nguo, unakufa polepole mbele ya umati. Aibu ilikuwa nusu ya adhabu.

Yesu alipitishwa hapo chini ya Pontio Pilato, aliyetawala Yudea kati ya 26 na 36 BK. Zile herufi INRI unazoona kanisani ni ufupisho wa Kilatini wa kosa aliloandikiwa: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. Na Simoni wa Kirene, aliyelazimishwa kumbebea msalaba, alitoka sehemu ambayo leo ni Libya. Afrika hiyo, buda.

Sasa mbona Wakristo waite siku ya mauaji "Kuu"? Anselm wa Canterbury, mwaka 1098, alieleza kwamba dhambi ni deni ambalo binadamu hawezi kulipa, Kristo akalilipa. Wa kale zaidi waliona vita: aliingia ndani ya mauti akaivunja kutoka ndani. Wengine husema Mungu alichagua kusimama na anayeonewa. Mapasta wengi huchanganya zote tatu kwa mahubiri moja, na si vibaya. Ila wote wanakubaliana: bila ufufuo wa Jumapili, Ijumaa ingebaki stori ya mtu aliyeuawa. Beste yako Muislamu haamini hata hilo, kwa sababu Kurani 4:157 inasema hakuuawa wala hakusulubiwa.

Stori inakuwa nzito ukifika kwa msamaha. Luka anaandika kwamba Yesu, akiwa pale juu, aliwaombea waliomtundika. Kuhubiri hilo ukiwa mahali pametulia ni rahisi. Olenguruone ni kitu kingine. Mwaka 1941 serikali ya mkoloni iliwapa Wakikuyu waliotimuliwa kwingine mashamba hapa. Wakakataa masharti yake, wakala kiapo pamoja, na kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengi wakapelekwa Yatta. Halafu 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walishambuliana, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Wengi wao, pande zote, walikuwa Wakristo.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kusamehe si kufuta kesi. Hakuna mahali Injili inasema waliomsulubisha walifanya poa. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Dayosisi ya Nakuru kutoka 1971 hadi 1996, alilaani hadharani mapigano ya miaka hiyo, na hakuiogopa serikali. Mtu anayekuambia "samehe" ndio unyamaze kuhusu shamba lako hajausoma huo msalaba vizuri.

Ukitaka kujionea, nenda Ijumaa Kuu yenyewe. Msalaba wa Wakatoliki una mwili wa Yesu. Kwa Africa Gospel Church na makanisa mengine ya Kiprotestanti mara nyingi utaukuta mtupu, kwa sababu wao hukazia kwamba alifufuka. Wakatoliki hutembea Njia ya Msalaba, vituo 14. Siku hiyo hawana Misa. Padri huvaa nyekundu, Mateso husomwa, kisha watu hupiga foleni kuubusu msalaba, wazee na watoto, na majirani waliowahi kukimbiana. Beba sweta na viatu vya matope. Pasaka huangukia Machi au Aprili, na huko juu, zaidi ya mita 2,000, mvua ya masika haina huruma.