Kenya: Chombo Kilichouliza kwa Lugha ya Wananchi

Tarehe 6 Machi, 2007, katika nchi jirani ya Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha rasmi huduma ya kupeleka fedha iitwayo M-Pesa. Kabla ya mwaka huo kwisha, wateja waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1. Ni vyombo vichache vya kisasa vilivyopata kupokewa na wananchi wa kawaida kwa kasi ya namna hiyo. Yafaa basi kutafakari sababu yake.

Kabla ya hapo, askari aliyepangwa kituo cha mbali, kibarua wa shambani na mchuuzi wa mjini walikuwa na njia chache za kupeleka fedha nyumbani. Palikuwa na hawala ya posta, na palikuwa na kondakta wa basi au jamaa anayesafiri. Benki nazo zilikuwapo, lakini fomu na masharti yake viliwafanya wanyonge wengi waishie mlangoni.

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, mjini Nairobi, Mathare na Thika, yakiwa na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio waliolipanua lengo hilo, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wakuu wa mradi walitambua haja hiyo, na huduma ilipofunguliwa kwa nchi nzima, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikotangazwa.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu nyingi, mojawapo ikiwa wingi wa mawakala. Lakini iko sababu moja isiyotajwa sana, nayo ni namna simu ilivyosema na mtu. Haikumtaka ajifunze lugha ya mitambo. Ilimwuliza swali moja moja, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kama alivyochagua mwenyewe: fedha ziende kwa namba gani, ni kiasi gani, na namba yake ya siri ni ipi. Kisha ilimtaka athibitishe, na baadaye ikampa jibu. Yalikuwa mazungumzo yale yale ya karani na mteja dirishani, ila karani huyu hakuchoka wala hakufoka.

Hata hivyo, maswali ya maandishi yalimwacha nje mtu asiyejua kusoma. Ilimbidi amkabidhi mwenziwe simu pamoja na namba ya siri, yaani sanduku pamoja na ufunguo wake. Dosari hiyo ilitafutiwa dawa mbali na Kenya, nchini Afghanistan, ambako huduma ya aina hiyo ilianzishwa mwaka 2008 kwa jina la M-Paisa. Kwa kuwa wengi huko hawakujua kusoma, simu ilifanywa iseme. Sauti iliyorekodiwa ilimwongoza mteja kwa Kidari au Kipashto, naye akajibu kwa kubonyeza namba.

Mwaka 2009 polisi 53 wa mkoa wa Wardak walianza kulipwa kwa njia hiyo. Baadhi yao walidhani wameongezewa mshahara. Kumbe huo ndio uliokuwa mshahara wao halali siku zote, ila ulikuwa ukipunguzwa mikononi mwa waliowagawia fedha taslimu. Kamanda mmoja alikasirika hata akawanyang'anya askari wake kadi zao za simu, akajaribu kuchukua fedha hizo mwenyewe. Serikali ile iliangushwa Agosti 2021, lakini somo lake halikuanguka: chombo kikisema na askari wa cheo cha chini kwa lugha anayoielewa, yeye mwenyewe huijua haki yake bila kusimuliwa na mtu.

Leo vimetokea vyombo vinavyosikia sauti ya mtu na kumjibu kwa maneno, Kiswahili kikiwamo. Bila shaka vitawafikia wengi ambao maandishi yaliwaacha nyuma. Lakini urahisi wa mazungumzo humfaa na mwizi pia. Matapeli wa simu huuliza kwa upole, tena kwa Kiswahili safi, hadi mtu akaitaja namba yake ya siri. Askari aliyewahi kushika lindo usiku anajua kwamba neno la siri halitolewi kwa kila anayeliuliza kwa heshima. Kanuni hiyo ya langoni ndiyo inayofaa kwenye simu.