Wakaliwood

Wakaliwood ni jina la utani la Ramon Film Productions, studio ya filamu iliyoko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika jiji la Kampala, nchini Uganda. Jiji hilo liko karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, ng'ambo ya ziwa ukitokea Mwanza. Studio inajulikana kwa filamu za mapigano zenye bajeti ndogo sana, ambamo milipuko, moto na helikopta hutengenezwa kwa kompyuta. Kupitia intaneti imepata watazamaji na washirika katika nchi nyingi.

Historia

Studio ilianzishwa mwaka 2005 na Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana (amezaliwa 1973), anayejulikana zaidi kama Nabwana I.G.G. Kabla ya hapo alikuwa akifyatua matofali. Jina Ramon limeunganishwa kutoka katika majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica.

Filamu iliyoipa studio umaarufu ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Mara nyingi hutajwa kuwa filamu ya kwanza ya mapigano ya Uganda, na inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kionjo chake kiliwekwa YouTube mwaka huohuo na kikasambaa haraka.

Utengenezaji

Nabwana huandika, hupiga picha, huongoza na kuhariri filamu zake mwenyewe, kwa kompyuta alizoziunga kwa vipuri vilivyotumika. Kazi ya madoido ya picha hupitia hatua zilezile zinazofuatwa na studio kubwa, ila kwa vifaa duni:

* Mwigizaji hupigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani.
* Programu ya kompyuta huondoa rangi ya kijani na kuweka mandhari nyingine mahali pake.
* Vitu visivyokuwepo, kama helikopta, moto na moshi, huongezwa juu ya picha.
* Mwishoni rangi na sauti hurekebishwa ili sehemu zote zilingane.

Madoido mengine hufanyika mbele ya kamera. Bunduki huundwa kwa vyuma chakavu. Damu ya kuigiza hujazwa ndani ya kondomu iliyofungwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi ukivutwa, kondomu hupasuka. Mwanzoni ilitumika damu ya ng'ombe, lakini baada ya mwigizaji kuugua ikabadilishwa kwa rangi ya chakula.

Joto, vumbi na kukatika kwa umeme ni matatizo ya kila siku, na nafasi ya kuhifadhi faili imekuwa ndogo. Toleo la awali la Who Killed Captain Alex? limepotea. Filamu imebaki katika nakala ya DVD ya ubora hafifu, pamoja na sauti ya VJ Emmie. VJ ni msimulizi anayeeleza na kutania juu ya filamu wakati inaonyeshwa. Kazi yake inafanana na ya DJ wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili nchini Tanzania na Kenya.

Mapato na ushirikiano

Waigizaji wengi hufanya kazi bila mshahara. Hupata kipato kwa kuuza DVD nyumba kwa nyumba na kubaki na sehemu ya mauzo. DVD hizo hulazimika kuuzwa upesi, kabla nakala za wizi hazijaenea.

Mwaka 2011 Alan Hofmanis wa New York, baada ya kuona kionjo hicho, alisafiri hadi Kampala kumtafuta Nabwana. Baadaye alihamia Wakaliga akawa mwigizaji na mshirika wa studio.

Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa YouTube. Mwaka huohuo studio iliomba dola 160 kupitia tovuti ya uchangishaji Kickstarter, ikapata zaidi ya dola 13,000. Bad Black (2016) ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest nchini Marekani, na Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 studio ilishiriki maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani.

Njia nyingine katika ukanda

Wakaliwood ilijipatia watazamaji kwanza, kisha washirika wakafuata. Studio nyingine ya Kampala, Creatures, ilipitia njia tofauti: mwongozaji wake Raymond Malinga alitengeneza Herderboy, moja ya filamu fupi kumi za katuni katika mkusanyo wa Kizazi Moto: Generation Fire, uliotoka Disney+ mwaka 2023. Mkusanyo huo uliratibiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini na ulishirikisha waongozaji kutoka nchi kadhaa za Afrika, akiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya.