Mpelelezi wa Nasaba: Jinai na Historia katika Riwaya za Muhammed Said Abdulla

Katika historia nyingi za fasihi ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla hupewa aya moja au mbili. Huelezwa kwamba ndiye aliyeasisi riwaya ya upelelezi katika lugha hii, kwamba Bwana Msa wake ni nduguye Sherlock Holmes kwa kiko na kwa mantiki, na kwamba Kiswahili chake ni kitamu. Kisha mhakiki hupita kwenda kwa waandishi anaowaona kuwa na uzito zaidi. Makala haya yananuia kuipinga desturi hiyo. Dai letu ni kwamba jinai katika riwaya za Abdulla ni njia ya kuiendea historia, na kwamba historia yenyewe ni ya swali moja lililoitesa Zanzibar kwa miongo mingi: nani ni mwana wa nani?

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika mwongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hii haifai kupitwa haraka. Al-Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, na mwaka 1954 viongozi wa jumuiya hiyo walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala yaliyotoka humo. Afrika Kwetu nalo lilisimama upande wa Jumuiya ya Waafrika. Ni nadra kumpata mwandishi wa zama zile aliyeshika kalamu katika nyumba zote mbili. Katika kurasa za magazeti ya aina hii hoja kuu ilikuwa asili: nani mwenyeji na nani mgeni, nani Mshirazi, nani wa bara, nani ana haki ya kuirithi nchi pindi Mwingereza atakapoondoka. Julai 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na Wazanzibari wakaanza kuhesabiana kwa kura.

Riwaya ya kwanza ya Abdulla ilizaliwa katika joto hilo hilo. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la 1957-58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika lililoasisiwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi. Mwenye mashamba tajiri anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na wapo wanaoamini kwamba wahenga wamelipiza kisasi. Bwana Msa, akiwa na mwandani wake Najum, na kando yao Inspekta Seif wa polisi, anathibitisha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Wahakiki wengi wameishia hapo: mantiki imeishinda ushirikina, na mwandishi ameonekana mwanafunzi mwaminifu wa Doyle. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni wa juu juu. Mzimu una maana mbili katika anwani ile. Ni pahali pa matambiko, na pia ni jambo la kale ambalo halijazikwa likazikika.

Hapa ndipo tofauti ya Abdulla na Doyle inapokuwa bayana. Katika visa kadhaa vya Doyle, siri ya jinai hutoka mbali, India au Australia, ikaja kuvuruga utulivu wa Uingereza. Siri za Abdulla hazivuki bahari. Zimo nyumbani: katika ndoa, katika urithi, katika mtoto ambaye nasaba yake haikutangazwa. Mpelelezi anapofuata nyayo za muuaji hujikuta amefika katika ukoo. Kwa hiyo kazi ya Bwana Msa inakaribiana zaidi na ya mwanahistoria kuliko ya askari. Inspekta Seif, mtumishi wa dola, anataka kumjua aliyeua ili amkamate. Bwana Msa anataka kujua kabla ya hapo watu hawa walikuwa nani kwa nani.

Kwa nini nasaba iwe na uzito kiasi hiki? Jibu limo katika sheria na kumbukumbu za visiwa vyenyewe. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria hawakujumuishwa mpaka mwaka 1909. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru na ni mrithi kama nduguze. Asiyekubaliwa hana lake. Mtu mmoja angeweza kuwa bwana au mtwana kwa neno moja la mzee mmoja. Abdulla alipokuwa akiandika katika miaka ya hamsini, waliozaliwa kabla ya 1909 walikuwa bado wamekaa barazani. Sisi tunaona kwamba watoto waliofichwa na ndugu wasiojuana, wanaojirudia katika riwaya zake, si ufundi wa msuko peke yake. Ni kumbukumbu ya mfumo ambao wengi waliujua na wachache walipenda kuutaja.

Mwaka 1958 Abdulla alianza kazi ya uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, akaishikilia hadi alipostaafu mwaka 1968. (Huenda ni yeye tu katika waandishi wetu wakubwa aliyegawa siku zake baina ya mazao na mauaji.) Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta katika kazi hiyo ya bara. Mwaka wa kustaafu kwake ilitoka Kisima cha Giningi, kupitia kwa Evans Brothers wa London. Anwani yake inaturudisha katika imani ya Wazanzibari kwamba Giningi ni makutano ya wachawi. Ndipo East African Publishing House ya Nairobi ikatoa nne mfululizo: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Anwani mbili za mwisho zinataja ndoa na malezi, wala hazitaji maiti.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ulimwengu wa riwaya hizi ulibaki Zanzibar ya kabla ya 1964. Mzimu wa Watu wa Kale ilipoandikwa ilikuwa riwaya ya wakati wake. Kufikia 1973 mandhari yale yale, mabwana wale wale na mashamba yale yale yalikuwa yamekwisha kuwa historia: ardhi ilikuwa imetaifishwa na kugawiwa, na wenye mashamba wengi walikuwa wameuawa au kutawanyika. Mwandishi hakubadili utanzu. Zama ndizo zilizoubadilisha. Na wakati huo huo riwaya ya jinai ya bara ilikuwa imeshika njia nyingine. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) aliipeleka jinai mjini Dar es Salaam, na Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) akampa msomaji jasusi Willy Gamba. Kasi ilikuwa yao. Abdulla alibaki na mazungumzo, methali, mizaha ya maneno na kiko.

Wahakiki waliolelewa na Azimio la Arusha walimlaumu kwa sababu hiyo. Walimweka katika kapu la fasihi pendwa na kumwona mtu aliyeyakimbia matatizo ya jamii. Lawama hiyo ina chembe ya haki. Ukimsoma Abdulla sambamba na Shafi Adam Shafi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), pengo linajitokeza waziwazi: kwa Shafi mwenye shamba ndiye mkosaji, ilhali katika Mzimu wa Watu wa Kale yeye ndiye maiti. Shafi anatutaka tujue jasho la nani lililojenga kasri. Abdulla hana hamu kubwa na jasho hilo, na tabaka la chini kwake aghalabu ni mashahidi wa uchunguzi wa wengine. Udhaifu huu hatuwezi kuutetea. Hata hivyo kuna kitu anachokiona ambacho riwaya ya kitabaka haikipi nafasi ya kutosha, nacho ni kwamba bwana na mtwana wake wangeweza kuwa wana wa baba mmoja. Shafi anawatenganisha ili wapambane. Abdulla anawakutanisha katika cheti cha mirathi, na mkutano huo unatisha zaidi, kwa sababu unamnyima msomaji upande wa kusimama.

Kwa mtazamo huu, kimya chake kuhusu Mapinduzi hakiwezi kuitwa woga tu. Mtu aliyekwisha kuwa katika meza ya Al-Falaq na ya Afrika Kwetu alijua vizuri jinsi asili ya mtu inavyoandikwa na kufutwa kwa wino. Riwaya ya upelelezi ilimpa mahali ambapo swali hilo lingeulizwa kwa utulivu, jina kwa jina, mpaka jibu lipatikane.

Riwaya iliyofuata, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka 1984, baada ya kimya cha miaka minane. Anwani yake inamhusisha na kosa mtu ambaye wasomaji walikuwa wamezoea kumwona akifichua makosa ya wengine. Abdulla alifariki mwaka 1991. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ulirejea Tanzania, na katika kampeni za uchaguzi wa 1995 watu wa Unguja na Pemba walianza tena kuulizana majukwaani asili zao.