MWUNGWANA ALIYEMPA MJAKAZI MKONO



Twende Carthage, Afrika Kaskazini, nchi tunayoiita leo Tunisia. Ni mwaka 203, Kaisari ni Septimius Severus. Wanafunzi wachache wa ubatizo wamekamatwa. Mmoja ni Perpetua, msomi wa jamii yenye heshima, umri kama miaka 22, ananyonyesha. Mwingine ni Felicitas, mjakazi, ana mimba ya miezi minane.

Perpetua aliandika mwenyewe mambo ya gerezani. Baba yake alimsihi aonee huruma mvi zake na mtoto mchanga. Perpetua akamwonyesha chombo cha maji, akamwuliza kama kinaweza kuitwa jina lingine. Basi na yeye hawezi kujiita ila Mkristo. Haikuwa rahisi. Anasema aliuhuzunikia sana uzee wa baba yake.

Sheria ya Warumi ilikataza kumuua mwenye mimba, na Felicitas aliogopa kuachwa nyuma afe peke yake kati ya wahalifu. Ndugu wakaomba kwa machozi. Akajifungua binti mle gerezani, na dada mmoja katika imani akamlea kama mtoto wake.

Tarehe 7 Machi, uwanjani, waliachiliwa ng'ombe mkali. Wote wawili wakaangushwa. Perpetua alipoinuka akamwona Felicitas chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama pamoja. Mpendwa, usipite hapo haraka. Katika mji ambao mjakazi alikuwa mali ya mtu, mwungwana alimwinua mbele ya umati wote.

Kanisa halikusahau. Karibu miaka 200 baadaye Augustine alikuwa akihubiri katika sikukuu yao, ingawa alionya kwamba maandiko yale si sehemu ya Biblia. Wakatoliki huwataja katika misa hadi leo. Sisi hatuwaombi watakatifu, mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5). Lakini mashahidi tumepewa ili tupige mbio kama wao (Waebrania 12:1).

Sasa nikuulize. Yule dada anayekufulia nguo na kukulelea watoto, Jumapili anaketi wapi? Unajua jina lake kamili? Mshahara wake wa mwezi jana ulimpa? Tusiimbe kwamba tu mwili mmoja halafu tumwache mwenzetu chini.

Wiki hii, mpe mtu mkono. Kama umeguswa, andika AMINA, kisha ukafanye.

Mbarikiwe sana.
Mchungaji wenu