Mwendo wa mwili mzima wapimwa kusaidia wagonjwa wa kiharusi

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA wa kiharusi anaweza kuinua kikombe mbele ya mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini, lakini akirejea nyumbani mkono huohuo ukabaki mapajani kutwa nzima. Tofauti hiyo kati ya anachokiweza na anachokifanya ndiyo inayotafutwa na vipimo vya mwendo wa mwili mzima.

Kiharusi hutokea pale mshipa unaopeleka damu katika ubongo unapoziba au kupasuka. Mara nyingi upande mmoja wa mwili hupooza: sehemu ya kushoto ya ubongo ikidhurika, upande wa kulia ndio huathirika.

Kwa miaka mingi maendeleo ya mgonjwa yamepimwa kwa macho ya mtaalamu. Kipimo mashuhuri cha Fugl-Meyer kilichapishwa mwaka 1975 nchini Sweden. Kwa sehemu kubwa ya kipimo hicho, mgonjwa hutakiwa kufanya mwendo mmoja mmoja, akapewa alama 0 akishindwa, 1 akiweza kwa sehemu na 2 akiumudu. Alama zote za mwendo ni 100, zikiwamo 66 za mkono na 34 za mguu.

Kipimo hicho hakihitaji mitambo ya gharama kubwa. Hata hivyo, huonyesha hali ya mgonjwa kwa muda ule tu anapochunguzwa.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na wenzao wa Ulaya walibuni vazi lenye vihisi 41, ambalo mgonjwa aliweza kulivaa nyumbani chini ya nguo zake. Matokeo ya kazi hiyo yalitangazwa mwaka 2016.

Vihisi ni vidude vidogo vya kielektroniki. Baadhi hutambua kiungo kinapoongeza au kupunguza kasi, vingine kinapozunguka. Kompyuta huunganisha taarifa hizo na kuchora jinsi kifua, nyonga, mikono na miguu vinavyokwenda kwa pamoja.

Kupima mkono peke yake hakutoshi. Mgonjwa anaweza kukifikia kikombe kwa kuinamisha kifua badala ya kunyoosha kiwiko. Kihisi cha mkononi kitahesabu hayo kuwa mafanikio, ilhali kile cha kifuani kitafichua kwamba mkono haujapona. Mtaalamu akiliona hilo, huweza kubadili mazoezi.

Aidha, kipimo chenyewe hakiponyi. Kinachomsaidia mgonjwa ni mazoezi ya kurudiarudia, na mkono usiotumika huzidi kusahauliwa.

Familia isiyo na vifaa hivyo nayo inaweza kuangalia: ni mkono upi unaofungua mlango, unaofunga vifungo vya shati, unaoshika kijiko? Majibu hayo yakifikishwa kwa mtaalamu, humweleza yale asiyoweza kuyaona hospitalini.