Kitabu Ambacho Hakina Mtihani

Shule zikifungwa tu, wazazi wanaanza kuulizana ni mwalimu yupi anaweka tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuwekewa tuisheni ya likizo, lakini sote tunajua vile huwa. Mtoto anatoka shule Ijumaa, Jumatatu yuko kwa sebule ya mtu na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Na siku akipatikana amelala kwa kochi na hadithi ya upelelezi, anaulizwa: hiyo itakusaidia na nini?

Wadogo zangu, hilo swali ni la zamani kuliko wazazi wenu. Acha niwaeleze limetoka wapi.

Nenda Banda Street, Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Utaona jengo la nguzo kubwa na sanamu za simba wawili mbele. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa huku kwetu. Ilikuwa maktaba ya Wazungu. Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na City Council ya Nairobi ikaichukua 1962. Yaani karibu miaka 30 vitabu vilikuwa katikati ya mji, na kijana wa Pumwani alichoweza kufaidi ni kuangalia simba akipita.

Sasa huyo kijana alisoma nini? Biblia, vitabu vya misheni, vitabu vya darasani. Halafu mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha East African Literature Bureau ili Waafrika wapate vitabu. Na kusema ukweli, kuna mambo ilifanya vizuri kuliko tunavyofanya leo. Ilituma masanduku ya vitabu mashinani. Ungeweza pia kuazima kitabu kwa posta, kikufikie, ukisome, ukirudishe vile vile. Lakini wakubwa walipenda sana vitabu vya "faida": kilimo, afya, uraia mwema. Mwafrika asome ili awe mkulima bora. Ni lile swali la kwa kochi, ila wakati huo liliulizwa na serikali.

Basi Bureau hiyo hiyo ikafanya mashindano ya kuandika hadithi, 1957 na 1958. Unajua nani alishinda? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi ya mauaji! *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikatoka kama kitabu 1960. Ndani kuna mpelelezi anaitwa Bwana Msa, mtu wa kuvuta kiko na kufikiria taratibu huku kila mtu akikimbilia kusema ni mzimu umeua. Hakuna mtu alijifunza kufuga kuku hapo. Lakini walisoma, wakataka kingine, na Abdulla akaendelea kuwaandikia visa vya huyo huyo Bwana Msa.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 Taban lo Liyong akalalamika hadharani kwamba Afrika Mashariki ni kame kwa fasihi, na hayo maneno yakawauma wasomi wengi. Wasomi walijibu kwa makala. Mtu ambaye mimi naona alijibu kwa vitendo ni David Maillu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe Nairobi, Comb Books, akaanza kuchapa vitabu vidogo vya kutia mfukoni. Vilihusu ulevi, mapenzi, maisha ya ofisini, makarani na mabosi wao. *My Dear Bottle* kilitoka 1973, *After 4.30* kikafuata 1974. Vilinunuliwa kama njugu. Wahadhiri wakakunja pua, na 1976 Tanzania ikapiga vitabu vyake marufuku. Sisemi mtoto wa miaka 14 aanze na *After 4.30*, mama yako atanitafuta. Nasema tu kwamba watu ambao "hawapendi kusoma" walikuwa wanasoma wakiwa kwa basi, kwa sababu mtu aliandika kitu kinawahusu.

Huyo Maillu baadaye aliandikia Pacesetters, ule mfululizo wa Macmillan ulioanza 1977. Muulize mtu yeyote aliyekuwa sekondari miaka ya 1980 kuhusu Pacesetters, kisha uone sura yake ikibadilika. Vitabu vyembamba, vimepita mikono mingi, jalada limetoka, kurasa mbili za mwisho hazipo na inabidi uulize mtu nani alikufa. Waliotangulia kidogo walikuwa na Moses wa Barbara Kimenye, kijana mtundu wa shule ya bweni ambayo huwachukua waliofukuzwa kwingine. Halafu 1984 ikaja *My Life in Crime* ya John Kiriamiti, mwizi wa benki aliyeandika akiwa gerezani. Nani aliweka hicho kitabu kwa silabasi ndio watu wakijue? Kilienea kwa kuazimana, chini ya dawati na chini ya blanketi, na hadi leo kinauzwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo chukua maneno yangu ukijua hivyo. Lakini angalia siku ya mwisho ya KCSE. Kuna watahiniwa huchana madaftari yao na kuyarusha hewani kama wamevunja minyororo. Hao si watu wajinga. Wamefundishwa miaka 12 kwamba kusoma ni kazi ya mtihani, na mtihani umeisha, sasa wasome tena ya nini? Mtu aliyekesha na Bwana Msa hawezi kufikiria hivyo, maana hakuna aliyemwambia asome na hakuna atakayemwambia aache. Huo mwanya shuleni haupo siku hizi. Kuna prep, kuna kengele, na hata riwaya teule inasomwa ukitafuta tu maswali yatakayoulizwa. Mwanya uko kwa likizo, na ndiyo maana naona uchungu mzazi akiujaza na karatasi za hesabu.

Kuna mzazi atasema vitabu ni ghali. Ni kweli, vitabu vipya vinauma. Lakini mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupakia vitabu kwa ngamia, Garissa, iwafikie wafugaji huko waliko. Sisi wa mjini tuna njia rahisi zaidi. Maktaba ya McMillan leo iko wazi kwa yeyote. Zile ndogo za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa miaka ya karibuni na Book Bunk, shirika ambalo Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha 2017. Na kuna inama bookshop, vile vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini mjini hadi lazima uiname kuchagua. Bei ni ya kuongea. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, chambua polepole, na kabla ya kulipa fungua nyuma uhakikishe kurasa za mwisho zipo.