Kemikali ya Losheni ya Jua Iliyopendwa Dunia Nzima, Kisha Ikafukuzwa Ufukweni!

Hebu geuza chupa ya losheni yako ya jua, soma yale maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta "oxybenzone" au "benzophenone-3", ni kitu kimoja hicho. Kiswahili tuite oksibenzoni, na stori yake ni ndefu kuliko unavyodhani.

Mwaka 1906 wakemia wawili wa Ulaya waliitengeneza maabara, enzi ambazo losheni ya jua dukani haikuwepo kabisa. Baadaye ikajulikana ina kazi moja inayoiweza vizuri: inanyonya miale ya UV na kuigeuza joto dogo tu. Viwanda vikaitia kwenye plastiki isiharibiwe na jua, kisha kwenye losheni, lipstiki hadi manukato. Marekani ikaruhusu hadi asilimia 6 kwenye losheni. Na kwa vile haiachi weupe usoni kama zinki, watu wakaipenda balaa.

Miaka ikaenda, watu wanapaka tu. Wachache waliuliza: ikishapakwa, inaishia wapi?

Jibu la kwanza likatoka baharini. Mwaka 2015 watafiti walitoa utafiti wa maabara ulioonyesha inadhuru matumbawe machanga. Julai 2018 Hawaii ikapitisha sheria ya kuzuia isiuzwe, ikaanza kazi Januari 1, 2021. Kisiwani Palau walishawahi, wao walianza Januari 1, 2020.

Jibu la pili likatoka mwilini. Mwaka 2019 FDA ya Marekani iliwapaka watu 24 losheni mbalimbali, mara 4 kwa siku, siku 4 mfululizo. Kumbe oksibenzoni inapenya hadi kwenye damu, tena kupita kiwango ambacho ukikivuka lazima vipimo zaidi vifanyike.

Mitandaoni ikawa "tupa losheni zote!" Sasa hapo ndipo watu walipokosea. Kuonekana kwenye damu sio kwamba imethibitika ni sumu, na FDA yenyewe ilisema watu waendelee kujikinga na jua. Mwaka huohuo ikataja viungo viwili ilivyoona viko salama: zinki oksidi na titani dioksidi.

Hapa kwetu ishu hii sio ya urembo tu. Pale KCMC, Moshi, kuna losheni ya jua inayotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa dada mwenye ualbino anayeshinda shambani au anayeuza nyanya juani, kuacha losheni kwa sababu ya posti ya mtandaoni ni kuikaribisha saratani ya ngozi.

Oksibenzoni ilitumika miaka mingi kabla ya kupimwa sawasawa. Dawa yake ni kusoma chupa na kuchagua nyingine, sio kutoka kavukavu.

Je, ya kwako imeandikwa nini nyuma? Dondosha koment hapo chini.